Pumzi ya Namkunda Yabisha Hodi

Jana mchana usingizi ulimchukua Namkunda kwenye kochi, akaota kwamba pumzi yake imekaa nje barazani, imekunja miguu, inangoja kukaribishwa.

Tangu alipougua mafua makali, mwanamke huyu, sauti iliyoongoza kwaya kijijini kwao milimani Upare, alikuwa akitweta hata kwa kujifunga kanga. Hospitali ilimruhusu arudi nyumbani na mazoezi: avute hewa kwa pua, aitoe kwa mdomo taratibu kama anayepoza uji, aketi na kuinuka kitini, kisha atembee kidogo. Mumewe, Elisante, mzima wa afya, aliyafanya yote pamoja naye, na hakuwahi kusema amechoka.

Ndotoni, pumzi inabisha hodi.

"Karibu," anasema Namkunda, kinywa wazi.

"Huo ni mlango wa kutokea," pumzi inamjibu. "Wageni tunapita puani."

Namkunda anaomba radhi, anafunga kinywa. Pumzi inavua viatu, inaingia, inashuka mpaka chumba cha chini kabisa, ambacho hakijafagiliwa tangu augue. Inatafuta ufagio, inafagia.

Ikiisha kufagia, inaaga. Namkunda anataka kuitoa upesi.

"Polepole, mama," kinasema kiti alichokalia. "Mgeni hafukuzwi. Husindikizwa."

Basi anaisindikiza, midomo ameichongoa. Safari inakuwa ndefu. Sebule imekwisha kuwa njia ya mlimani, na Elisante yuko mbele, amekibeba kile kiti kichwani.

"Baba, mbona umebeba kiti?"

"Ukichoka utakaa."

"Na wewe?"

"Mimi nitasimama karibu na kiti."

Namkunda aliutazama mgongo wa mumewe, akaufuata. Kiti kikasema, kwa sauti ya chini, kwamba kimebebwa na watu wengi maishani, ila hakijawahi kubebwa hivi.

Mlima nao ulikuwa na adabu. Namkunda alipotweta, uliketi. Alipotulia, uliinuka, wakaendelea.

Kileleni kwaya nzima ilikuwa imesimama kimya, majoho yamepigwa pasi. Pumzi ikakaa mstari wa mbele. Namkunda akaanza kuimba. Sauti ilitoka nyembamba, kisha ikanenepa, ikajaa bonde. Kwenye ubeti wa tatu hewa ikapungua. Hakuhangaika. Aliketi, akapumua, akauruka, akaingia wa nne. Elisante akajifuta macho kwa kofia.

Namkunda alipoamka, Elisante alikuwa anaosha vyombo. Mlangoni alisimama Bibi Nakijwa, jirani wa ng'ambo ya bonde, bado ameshika mwiko.

"Nimeacha maharage jikoni," alisema. "Umeimba vizuri, mwanangu. Ila ubeti wa tatu umeuruka."

"Pumzi ilipungua, bibi," Namkunda alijibu kabla hajafikiri.

"Si neno. Ule wa tatu ni mrefu hata kwa wazima."