Barafu Mdomoni mwa Mzimu

Filamu za mizimu tunazipiga mwezi wa pili, Kyoto ikiwa imeganda kwa baridi, ili ziwahi kuonyeshwa mwezi wa nane, wakati wafu wanarudi nyumbani kwa sikukuu yao na walio hai wanatafuta kitu cha kuwasisimua mwili kwenye joto lile. Basi utawaona waigizaji wanajipepea na kujifuta jasho la kupakwa, huku meno yanagongana. Mwenye taabu kuliko wote ni mzimu. Mzimu hapumui, kwa hiyo moshi wa pumzi yake hautakiwi kuonekana, na dawa yake ni moja tu: kabla ya kamera kuwashwa anapewa kipande cha barafu akiweke mdomoni mpaka kinywa kipoe sawasawa na hewa ya nje. Na mtu mwenye barafu mdomoni hasemi. Watazamaji hudhani kimya kile ni cha kuzimu.

Mimi ni mvalishaji. Jina langu ni Inagaki Tazuko, nina miaka hamsini na tisa, na kwa mikono hii nimevalisha mizimu ishirini na mmoja, wote wanawake. Mke aliyenyimwa chakula na mama mkwe. Mtumishi aliyesingiziwa wizi. Binti aliyefichwa chumba cha nyuma kwa aibu ya wazazi wake. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mkorofi alipokuwa hai. Wote walikuwa watu wa kuinama na kuomba samahani, wakafa na maneno yao kifuani, nasi tunajazana kwenye majumba ya sinema kuyaogopa.

Kabla ya kuanza hii ya mwisho tulikwenda hekaluni sote, watu arobaini, kuhani akatupungia fimbo yake ya karatasi nyeupe ili mwanamke tunayemsimulia asitukasirikie. Ni desturi, na bila hivyo hakuna anayethubutu kugusa hata waya. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, lakini kusema kweli nilikuwa nimekasirika. Tuna adabu nyingi mno kwa wanawake waliokwisha kufa.

Mzimu wetu safari hii alikuwa Chinatsu, binti wa miaka ishirini na saba, mpole, mwenye kukuitikia kabla hujamaliza kusema. Mumewe, Hidetsugu, ndiye aliyekuwa msimamizi wa kazi zake. Alikaa kila siku kwenye kiti chake karibu na kamera, na kila asubuhi alituletea mikate ya mvuke yenye maharagwe matamu, ya moto, imefungwa vizuri, kila mtu na wake.

"Chinatsu ana bahati jamani," msusi wetu alikuwa akisema huku anatafuna. "Wangu mimi hata maji ya chai hajui kuchemsha."

Siku ya pili nilimvua sweta nimvalishe. Juu ya kiwiko palikuwa na alama nne za samawati zimejipanga, na ya tano upande wa pili.

"Nilijigonga mlangoni," akasema, kabla sijafungua mdomo.

Nilitaka kumuuliza ni mlango gani huo wenye vidole vinne na gumba. Nikasema, "Pole. Inua mkono." Nikamzungushia kimono nyeupe ya maiti, nikamfunga mkanda. "Umebana?"

"Haujabana, Bi Tazuko!" akajibu Hidetsugu kutoka nje ya mlango. Alikuwa amesimama pale pale, kivuli chake kinaonekana kwenye mlango, maana milango yetu ya ndani ni ya karatasi. "Asikuchoshe huyo. Ni mzito kidogo wa kuelewa, mvumilie."

Akacheka. Chinatsu naye akacheka, kwa sauti tu, uso haukushughulika.

Siku ya nne alama zilikuwa shingoni. Nikamfuata Shigemitsu, fundi wa vipodozi, rafiki yangu wa miaka ishirini, nikamkuta anakunywa chai kando ya jiko la mafuta.

"Ile shingo umeiona?"

"Nimeipaka rangi nyeupe," akasema. "Nikishapaka nyeupe, sijaona kitu."

"Shige."

"Bibi wee, hayo mambo ya ndani ya nyumba za watu. Tukisema, filamu inasimama, watu arobaini wanarudi kwao mikono mitupu, na jioni binti atapanda gari na mumewe yule yule. Hilo umelifikiria?"

Nilikuwa nimelifikiria, na nilishukuru kwamba amelisema yeye. Ni aibu kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa. Zamani nikikaa mtaa wa Fushimi, jirani yangu wa ghorofa ya juu alikuwa akilia usiku, nami nilikuwa naongeza sauti ya televisheni. Siku moja wakamshusha kwa machela, amefunikwa hadi kichwani. Nikapeleka uvumba, kama majirani wote, nikaambiwa nina moyo mzuri.

Siku ya tano tulikuwa kwenye tukio la karamu, ambapo mume katika hadithi anaoa mke mwingine na mzimu anasimama nyuma ya wageni. Chinatsu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akauliza swali.

"Samahani, Bwana Okubo. Huyu mwanamke anataka nini? Mbona hamgusi mtu? Anasimama tu."

Okubo ni mwongozaji wa kufoka. Wengine huzimwa na uzee, yeye umemzidishia. Lakini swali lile lilimtuliza.

"Anataka aonekane," akasema. "Nyumba nzima ilijua anavyofanyiwa. Mtaa ulijua. Kila mtu akageukia pembeni. Basi sasa ukigeukia pembeni, yuko huko huko pembeni. Watu hawamwogopi kwa sababu amekufa, mama. Wanamwogopa kwa sababu walijua."

Chinatsu akaitikia kwa kichwa, lakini macho yake hayakuwa kwa Okubo. Yalikuwa kwangu. Nikajifanya natafuta pini.

Ikafika siku ya nane, ya mwisho. Mchana tungemaliza, jioni wangerudi kwao Nagoya, na baada ya hapo hakuna ambaye angeuona mwili ule isipokuwa mwenye kuupiga. Sikulala. Nilikuwa nimejipangia maneno: nitafunga mlango, nitamnong'oneza kwamba kwangu kuna chumba, nitamwambia asirudi. Niliyarudia njia nzima.

Nilipofika, mlango wa chumba cha kuvalia ulikuwa umefungwa na Hidetsugu alikuwa ndani naye.

"Leo nimemvalisha mwenyewe, bi mkubwa," akasema akifungua. "Siku saba zote nakusikiliza unavyofanya. Mbona si kazi ya kumshinda mtu! Nenda kapumzike, mkate wako uko pale, ungali moto."

Chinatsu akatoka amefunikwa koti la mumewe mabegani. Alitembea ameinamia upande wa kushoto, polepole, mtu anayechagua pa kukanyaga. Nikamwita jina. Hidetsugu akasema, "Anakuja, anakuja," akampitisha.

Nikabaki nimesimama na mdomo wangu uliojaa maneno.

Kwenye jukwaa wakazima majiko ya mafuta, maana ngurumo yake huingia kwenye sauti. Chinatsu akapewa barafu yake, akaitia mdomoni. Taa zikawaka. Hidetsugu akamvua koti mwenyewe, akarudi kitini, akakunja miguu.

"Simameni!" Okubo akapiga kelele. "Nani amemvalisha huyu?"

Sote tukatazama. Mtu aliye hai, upande wa kushoto wa kimono unalala juu ya wa kulia. Maiti ni kinyume chake. Hili kwetu hata mtoto wa chekechea analijua, kwa sababu akikosea mara moja mama yake humchapa mkono kwa woga. Na mzimu wetu alikuwa amesimama katikati ya taa, nywele hadi kiunoni, uso mweupe, amevaa kama mtu anayekwenda sokoni. Mtu mmoja nyuma akacheka.

"Miaka thelathini, Bi Tazuko!" Okubo alikuwa amewiva uso. "Miaka thelathini ya kazi, unanivalishia maiti kama mtu mzima wa afya!"

Mgongo wangu ukaanza kuinama wenyewe. Ndivyo tulivyolelewa. Ukishutumiwa unainama kwanza, ukweli baadaye, na aghalabu huo baadaye haufiki. "Samahani sa..." nikaanza, na nikiwa nusu ya kuinama ndipo nilipoelewa. Hidetsugu alisikiliza siku saba akiwa nje ya mlango, hakuona. Lakini Chinatsu nilimvalisha mara saba kwa mikono yangu. Alijua. Alikuwa na mikono miwili, angeweza kujirekebisha njiani chini ya koti. Hakujirekebisha. Alikwenda na kosa lile mpaka katikati ya taa, mahali ambapo hakuna wa kugeukia pembeni, akasimama nalo.

Nikajinyoosha.

"Si mimi niliyemvalisha," nikasema. "Mumewe ndiye aliyemvalisha. Hakutaka nimwone mbavu leo."

Hidetsugu akainuka akicheka, mikono ameifungua kama anayekaribisha wageni. "Jamani, bi mkubwa wetu amechoka. Umri huo! Chinatsu, hebu waambie. Waambie, mpenzi."

"Usimjibie," nikamwambia. "Siku nane unamjibia." Nikamgeukia Chinatsu. "Mwanangu. Nani anakupiga?"

Alinitazama. Akainama, kwa shida, akatema barafu kwenye kiganja. Alipofungua mdomo moshi ulitoka, mwingi, mweupe.

"Yeye."

Hidetsugu akapiga hatua tatu kwa kasi. Ya nne hakuimaliza, kwa sababu Shigemitsu alikuwa ameacha brashi zake na kusimama mbele yake, na mafundi taa wawili wakamfuata.

"Kaa hapo hapo, bwana," Shigemitsu akasema. "Usiniongezee hata hatua moja." Okubo akaagiza polisi waitwe, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Nikamvisha koti langu. Nakiri nilikuwa nangoja shukrani. Nilidhani atalia begani mwangu, ataniita mama, nami nitalia naye na mambo yatakuwa yamekwisha. Hakulia. Aliwapitishia macho mmoja mmoja: msusi, mafundi taa, Okubo, Shigemitsu mwenye rangi nyeupe vidoleni, kisha akafika kwangu, akatulia.

"Mmejua tangu lini?" akauliza, taratibu, kama anayeuliza saa.

Nimekaa na mizimu maisha yangu yote na sikuwahi kuogopa macho ya mtu kama siku ile.

"Siku ya pili," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa.

"Ubavu amenivunja jana," akasema.