Kanali na Sindano ya Kila Mwaka

Nina hasira za karibu, sifichi. Haron mume wangu akichelewa kurudi hunisikia tangu getini. Lakini kuna mtu mmoja ambaye hata nikitokota lazima nifunge mdomo: baba mkwe wangu, Mzee Onyiego. Kwetu Kisii mke wa mwana hamshiki baba mkwe mkono, wala hajibizani naye. Sasa mtu wa hasira afanye nini? Mimi humwambia mbwa. Nazungumza na Kanali kwa sauti, mzee anasikia, naye anamjibu Kanali. Heshima inabaki, na maneno yanafika.

Juma moja zilikuja habari kutoka Marani kwamba kichaa cha mbwa kimeingia, ng'ombe wameshaumwa. Hapa Suneka tukatangaziwa kanisani: Alhamisi madaktari wa mifugo watachanja mbwa uwanjani, karibu na soko. Haron akasema mbele yetu sote, "Kanali asipochanjwa Alhamisi, Ijumaa anauawa. Sitacheza na maisha ya mtoto." Na hakuwa anatania. Binti yetu Nyanchama, mwenye miaka minne, hushinda amemkumbatia yule mbwa shingoni. Shida ni kwamba Kanali hakubali kufungwa kamba na mtu yeyote ila mzee.

Na mzee alikataa.

"Kanali," akasema, akimkuna sikio, "wewe ulichanjwa ukiwa mdogo, imetosha. Hata mimi nilichanjwa mara moja tu, kovu hili hapa begani, na bado nipo. Hizi za kila mwaka ni za kukupoza ukali. Wezi wakija si utawapikia chai?"

"Kanali," nikasema, nikipepeta maharagwe kwa fujo, "mwambie anayesikia kwamba si kila chanjo hudumu maisha. Nyingine nguvu zake huisha. Mimi mwenyewe nilidungwa ya pepopunda nikiwa na mimba ya Nyanchama, na mimba ya pili nikadungwa tena!"

Yesu wangu! Mimba, mbele ya baba mkwe! Ungo ulinitoka mikononi. Mzee aliinuka, akachukua fimbo yake, akaenda nyumbani kwake. Nililia jikoni kwa aibu na kwa hasira, maana niliona mdomo wangu umeshamuua Kanali.

Alhamisi asubuhi mzee hayupo, mbwa hayupo. Nikajua kamficha! Nikamwachia jirani yangu Anyiko watoto, nikashuka mbio hadi uwanjani, angalau niwaombe madaktari watusubiri.

Nikamkuta mzee kwenye foleni, amevaa koti la kanisani, Kanali yuko kando yake na kamba ya katani shingoni. Nilisimama mbali, sikujua nifurahi au nijifiche. Zamu yao ilipofika, Kanali aliona sindano akawa moto. Mzee alimbana kichwa, lakini kumshika miguu ya nyuma hakuna aliyethubutu.

"Nani mwingine anamjua mbwa huyu?" daktari akauliza. "Asiposhikwa vizuri simchanji."

Mimi nilimjua. Lakini kumshika ilikuwa kusimama bega kwa bega na baba mkwe, watu wote wakitazama.

"Mama Nyanchama," mzee akaita. "Njoo ushike."

Nikashika. Mikono yetu ikagusana kwenye manyoya ya Kanali, na radi haikupiga. Sindano ikaingia, ikatoka. Kanali akabweka hadi daktari akaruka nyuma, na mzee akaangua kicheko. "Kumbe ukali upo!"

"Mrudisheni mwaka ujao," daktari akasema, "na kila mwaka baada ya hapo."

Mzee akanigeukia mimi, si mbwa.

"Lile neno lako lilikosa adabu," akasema. "Lakini nimelifikiria, na ni la kweli. Ulirudi kudungwa, na wajukuu wangu wote wawili ni wazima. Mwaka ujao miguu yangu ikinikatalia, utamleta wewe. Na mwaka wa pili, na wa tatu. Kwa hiyo anza leo kumwongoza, akuzoee."

Akanitia kamba mkononi. Nilijibu, "Ndiyo, baba," nikimtazama usoni, na machozi yakanitoka mbele ya Suneka nzima.