Aliyelala Juu ya Mbegu

Mwaka ule serikali ilikuwa imeondoa ruzuku ya pembejeo, kwa hiyo mbegu tuliyoweka wenyewe ndiyo tungepanda. Yalikuwa magunia mawili ya mahindi, hayajamenywa maganda, yamelazwa stoo nyumbani kwetu Mjimwema. Panya walianza kuyala. Nikanunua sumu kwa Gaspari, mchuuzi wa Lizaboni, ile ya pakiti isiyo na maandishi.

Wiki moja baadaye, asubuhi ya baridi ya Julai, nilikuta mnyama mdogo juu ya gunia, amejikunja kama ngumi, mwili baridi kama jiwe. Mama mkwe wangu, Lidwina, akasema sumu imefanya kazi, sasa nipumzike. Nilikuwa nimechoka na kazi za ofisi ya kilimo na za nyumbani. Niliamini kwa kuwa nilitaka kuamini. Gunia la chini sikulifungua.

Jioni Gaspari alipita, akaomba mzoga akawaonyeshe wateja. Nilikuwa nimeuacha kwenye kopo karibu na mafiga. Nilipofunua, mnyama alikuwa anapumua. Alijinyoosha, akapanda ukuta na kupotelea kwenye kenchi za paa.

"Amefufuka," alisema mama mkwe.

Mimi nilitazama mkia. Ulikuwa na manyoya mengi hadi nchani, kama wa kindi. Chuoni tulimsoma: panya wa miti, ambaye baridi ikizidi hulala kama maiti, akipata joto huamka. Nikamwambia Gaspari sumu yake haijaua kitu, na huyo hata si panya wa stoo.

"Mama, ana meno, anaguguna. Panya ni panya."

"Nungunungu naye anaguguna. Kamuuzie sumu."

Nikamweleza kwamba wagugunaji ni kundi kubwa, wote wenye meno ya mbele yasiyokoma kukua. Panya wa nyumbani ni ukoo mmoja humo, huyu ni ukoo mwingine, na hupenda zaidi wadudu na matunda. Akauliza, basi mahindi anakula nani?

Tulifungua gunia la chini. Magunzi matupu na mavi ya panya.

"Na mimi niliuziwa hivyohivyo, mama," alisema Gaspari, akaondoka.

Sikuwa na nguvu ya kugombana. Niliyafunga mahindi yaliyobaki mafungumafungu kwa maganda yake, tukaanza kuyaning'iniza juu ya moshi wa jiko. Yangetosha shamba la bondeni tu. Nikasema shamba la juu tutapanda mihogo. Mama mkwe akanikumbusha kuwa mihogo yetu hukomaa na kuliwa mwaka wa pili.

"Najua, mama. Nipe fungu jingine."