Ndoo ya Togwa na Fulana za Kwaya

Siku hizi wachapaji wa fulana pale mjini wana mashine inayomaliza kazi kabla chai haijapoa, na wino wao huja kwenye makopo ukiwa tayari. Sina ugomvi nao. Ila nikipita mlangoni kwao pua yangu huitafuta ile harufu ya yai viza, na nisipoisikia naona kama wanatudanganya.

Harufu hiyo ilikuwa ya Mzee Severini. Alipanga chumba kwetu hapa Mafiga tangu alipokuwa mkuu wa chumba cha rangi kwenye kiwanda cha nguo. Mwaka tisini na tatu, ruksa ya biashara huria ikiwa imeshajaza mitumba kila kona, kiwanda kikapunguza watu, naye akarudi na barua, saa ya ukutani, na ufundi ambao hakuna aliyeuulizia tena. Kwao ni Mahenge. Sote tulidhani atarudi kulima. Yeye akaunda fremu ya mbao, akaivalisha kitambaa cha matundu madogo, akaanza kuchapa fulana barazani.

Ufundi wake mkubwa ulikuwa dawa ya kula rangi. Hakupaka nyeupe juu ya nguo nyeusi. Alipika uji mzito wa wanga wa muhogo, akauacha upoe hadi kesho yake, akachanganya na unga fulani kutoka Dar, akaupitisha kwenye fremu kwa kipande cha raba. Ukikauka anatandika kitambaa kibichi, anapiga pasi ya mkaa, uwanja mzima unanuka. Pale dawa ilipogusa, rangi ya fulana ilitoka yenyewe. Ungefua mpaka fulana ichakae, herufi zisibanduke. Mimi nilikuwa nazipenda herufi zile kuliko nilivyowahi kumwambia.

Basi Josephina, kiongozi wa kwaya ya parokia, akaleta fulana arobaini za bluu iliyoiva. Jubilei ilikuwa Jumapili. Fulana ya mfano ilitoka safi, ukiisoma ukiwa ng'ambo ya barabara.

Hapo ndipo kiherehere changu kilipoingia. Nilikuwa nauza togwa, kinywaji cha uji mtamu, sokoni, na niliona aibu mzee wa heshima kama yule kukorogea uji kwenye debe lenye kutu, kwa fimbo ya mpera. Jumatatu jioni nikampa ndoo yangu ya togwa na mwiko wangu. Asubuhi alinirudishia, jioni nikampa tena, na ikawa hivyo kila siku.

Jumanne uji uliolala mzito uliamka majimaji. Dawa ikapenya chini ya fremu, herufi zikavimba, zile za duara zikaziba kabisa. Fulana mbili zikaharibika. Akapika tena, akapunguza maji. Jumatano, yaleyale, mbili nyingine zikaenda. Akabadili kitambaa cha fremu, akatafuta cha matundu madogo zaidi. Akapitisha raba mara moja badala ya mbili. Akalaumu muhogo, akalaumu unyevu unaoteremka kutoka milimani wakati wa masika.

"Maji yamezidi unga, baba," nikamwambia, nikacheka.

Hakucheka. Aliviangalia viganja vyake.

"Kiwandani walituambia mikono yetu imepitwa na wakati, Zuhura. Labda waliona mapema. Leo nitapika mara ya mwisho. Kesho uji ukikataa, namrudishia Josephina fulana zake, na Jumamosi napanda basi la Mahenge."

Nilijiona mjinga. Jioni ile alitia barua posta, kwa dada yake Paskalia kule Mahenge, kumwomba chumba.

Alhamisi asubuhi uji ulikataa. Akaanza kufunga vitu vyake, saa ya ukutani ikiwa ya kwanza. Mimi nikaenda kupika togwa yangu, kwa sababu soko halijui huzuni ya mtu. Uji ulipopoa kiasi cha kuvumilia kidole, nikatia kimea, ule unga wa ulezi uliooteshwa, nikakoroga.

Aliyekulia Uluguru anajua kinachofuata. Nimekiona tangu utotoni kwa bibi yangu, kule Kinole: uji unaosimamisha mwiko unalegea taratibu mkononi, mpaka unamiminika. Kimea hakina haraka, lakini hakishindwi. Nikausikia unalegea, nikaacha kukoroga, nikaitazama ndoo. Kuta zake zilikuwa na mikwaruzo, na kila mkwaruzo una kimea chake. Mwiko nao ulikuwa na ufa. Tulikuwa tunaviosha kwa maji baridi, na maji baridi hayaui kimea.

Nikapika wanga kidogo, nikaugawa kwenye vikombe viwili. Kimoja nikakikoroga kwa fimbo ya mpera, kingine kwa mwiko wangu. Kufika alasiri cha fimbo kilikuwa kizito vilevile. Cha mwiko ungeweza kukinywa.

Nilivipeleka chumbani kwake. Nilikuwa nimemcheka mtu kwa kosa langu mwenyewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Ni mimi niliyekuharibia. Ni kimea cha togwa."

Akainamisha kikombe kimoja, akainamisha cha pili. Akarudia. Kisha akakaa juu ya sanduku lake lililofungwa tayari, akafuta macho kwa mkono wa shati, wala hakujificha.

"Nipe ile fimbo yangu," akasema.

Ijumaa na Jumamosi tulichapa, yeye kwenye raba, mimi kwenye pasi, Muislamu natoa jasho kwa ajili ya kwaya. Jumapili waliimba wakiwa wamevaa fulana thelathini na sita. Wanne walikosa, wakasimama nyuma.

Alikaa nasi miaka tisa zaidi, na hapa ndipo alipofia. Paskalia alikuja mazishini, mama mnyamavu, akanionyesha barua mbili alizozitunza kwenye kitambaa. Ya kwanza niliijua bila kuisoma. Ya pili ilikuwa ya ile Ijumaa, ina doa la wanga pembeni.

"Dada," ilisema, "kile chumba mpe mwingine. Haikuwa mikono yangu. Ilikuwa ndoo ya Zuhura."