Honi Mbili

Aliyeifunga barabara ya Mzee Gia hakuwa adui yake. Angekuwa adui, mambo yangekuwa mepesi: unamlaani asubuhi, unamlaani jioni, unalala. Alikuwa mwanawe wa kumzaa, yule yule aliyesomeshwa kwa usukani wa teksi hadi akawa mpangaji wa miji, akakalia kiti cha kuzunguka, akachukua kalamu nyekundu na kupiga mstari juu ya barabara nzima ya katikati ya jiji. Kuanzia mnara wa saa hadi soko la zamani, magari marufuku. Watu watembee. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba kitakuja na michoro ya rangi.

Basi wakang'oa lami, wakapanga matofali mekundu, wakaleta miti midogo ndani ya vyungu vya zege na mabenchi kadhaa. Benchi moja waliliweka likitazama ukuta mtupu, na hadi leo hakuna anayejua kwa nini. Ghorofa nyingi za juu ya maduka, zilizokuwa makao ya njiwa na masanduku matupu, zikapakwa rangi na watu wakahamia. Ilipendeza, tuseme ukweli. Lakini kituo cha teksi kilikuwa pale pale kwenye mnara wa saa, na Mzee Gia alikuwa amekaa hapo miaka thelathini na moja. Gari lenyewe lilikuwa halikubali gia ya pili hadi libembelezwe. Akalitoa kwa mnunua vyuma chakavu, akageuza uso lilipokuwa linakokotwa.

Mwana, dhamira ikimsuta, akamtafutia baba kazi. Jiji lilitaka mtu wa kuwaelekeza wageni, akae kwenye stuli chini ya mnara na kizibao cha kijani kinachong'aa. Majaribio yalikuwa mwezi mmoja. Akishindwa, yeye na mkewe wangehamia kwa mwana, huko nje ya jiji kwenye nyumba zinazofanana kama sabuni, akamwagilie maua na kufungua geti. Mzee aliposikia neno geti alivaa kizibao bila kuuliza saizi. Mtu aliyepeleka nusu ya mji huu hadi harusini na nusu nyingine hadi wodi ya wazazi, leo awe bawabu wa mwanawe? Ng'o.

Sasa, hakuna aliyeujua mji kama yeye. Ungemwamsha usingizini angekutajia kila kona. Tatizo ni kwamba aliujua kwa magurudumu. Mgeni wa kwanza aliuliza posta. Posta ilikuwa nyuma ya mnara, hatua arobaini, ungeweza kurusha jiwe ukampata karani. Mzee Gia akanyoosha mkono: nenda moja kwa moja, kulia, kulia tena kwenye benki, shuka mpaka kwenye taa, halafu kushoto, utaiona. Mgeni wa watu alifika baada ya dakika ishirini na tano akiwa ameloa jasho, akakuta wamefunga kwenda kula.

Aliyeuliza duka la dawa naye akapelekwa hadi kituo cha mafuta, kwa sababu zamani pale gari halikuruhusiwa kukata kulia. Mzee alikuwa anatii alama zilizokwisha kung'olewa, na wala hakuwa anatania. Yeye mwenyewe akirudi nyumbani, ghorofa ya tatu juu ya duka la vitambaa, alifuata njia ile ile ya teksi, ameshika kushoto, akitupa jicho begani kabla ya kukata kona. Wenye maduka walivunjika mbavu.

Malalamiko yote yaliangukia meza ya mwana. Jumatano ya wiki ya nne alipanda ngazi hadi kwa wazazi wake, akakataa chai. Mtu anayekataa chai ya mama yake ana habari mbaya. Akaeleza kwamba Ijumaa mkurugenzi wa jiji anakuja na kamati nzima kuukagua mtaa, na mwongozaji ni baba, kutoka mnara wa saa hadi ukumbi wa mikutano nyuma ya soko. Wana dakika kumi tu kabla ya kikao.

"Baba, ukiwazungusha, sitakuwa na la kukutetea," alisema. "Jumapili mtahamia kwangu."

Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo palipouma. Alipoondoka, mzee alifumba macho akaipitia njia kichwani: benki, taa, kushoto, kituo cha mafuta, kupanda tena. Dakika nane kwa gari, taa zikiwa na huruma. Kwa miguu, na vile vitambi vya wanakamati, wangefika kikao kimekwisha. Akamwambia mkewe aanze kufunga vyombo.

Mkewe ni mshonaji. Alikuwa anafumua bitana ya koti la mteja.

"Ukumbi ule?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Dakika sita. Saba nikiwa na mkoba."

Mzee akasema haiwezekani, yeye ndiye dereva. Mama hakubishana. Kesho yake asubuhi alivaa ndala, akamshika mume mkono, akamwingiza kwenye uchochoro wa washonaji ulio ubavuni mwa posta. Wakatokea uani penye bomba la maji, wakapita mlango wa nyuma wa duka la madaftari ambako muuzaji alimwamkia mama na kumtazama mzee kama fundi bomba aliyeletwa. Wakashuka ngazi kumi na mbili. Mzee hakuwahi kujua kama kuna ngazi pale, gari litashukaje ngazi? Kivuli mwanzo mwisho. Kila mtu alimsalimu mama kwa jina la utani, Mama Vifungo, jina ambalo mumewe alilisikia kwa mara ya kwanza. Mara ukumbi huo mbele yao. Dakika sita.

Akauliza amekuwa akipita huku tangu lini. Tangu walipooana, mwaka ule ule alioanza teksi, mama akajibu, sokoni kuchukua vitambaa, kwa wateja, na kurudi. Sasa mbona hakumwambia hata siku moja?

"Ulikuwa unanikuta barabarani na mkoba," mama alisema. "Unapiga honi mbili, unanipungia mkono, unapita na abiria wako. Honi zako nilizisikia, mume wangu. Mkoba haukupungua uzito."

Mzee Gia aliona haya hadi masikio yakamchemka. Honi mbili zile alikuwa akijisifu nazo kituoni, kwamba nani mwingine hapa anamsalimu mkewe hadharani namna hiyo? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yeye hata hakuwahi kuugusa. Mama alikuwa amekwisha kugeuka, koti la watu lilikuwa linamsubiri.

Ijumaa mkurugenzi alikuja amevaa viatu vipya, na kila hatua ilikuwa inamkumbusha kwamba vinabana. Mwana alikuwa na ramani chini ya kwapa. Walipofika kwenye uchochoro alimvuta baba kizibao, akanong'ona kwamba njia hii haimo kwenye mchoro. Mzee akamwambia ndiyo maana ni fupi. Mwanakamati mmoja ilibidi apite kiubavuubavu, lakini alipita. Dakika sita na nusu, wote wako ukumbini, wakavu.

Mkurugenzi akataka kujua ni nani aliyeibuni njia hii, aandikwe kwenye ripoti. Mwana akarekebisha tai, akafungua mdomo. Tumsamehe, ni mtu wa ofisi.

"Mke wangu," akasema Mzee Gia. "Miaka thelathini na moja."

Mwana akafunga mdomo. Mkurugenzi akaandika. Kizibao kikabaki kwa mwenyewe, na habari za geti hazikutajwa tena.

Jioni hiyo mama alikuwa anatoka sokoni. Akasimama mbele ya stuli na mkoba wake begani, akauliza, uso mkavu, njia ya kwenda ghorofa ya tatu juu ya duka la vitambaa. Kwa uchochoro ni dakika mbili, na sasa mzee alilijua hilo.

Akanyoosha mkono. "Moja kwa moja, kulia, kulia tena kwenye benki, shuka mpaka kwenye taa, halafu kushoto."

"Umerudia yale yale."

"Nakusindikiza," akasema. Akashuka kwenye stuli, akautoa mkoba begani mwa mkewe, akautupia begani mwake. "Leo teksi imesimama."

Wakaenda polepole katikati ya matofali mekundu, wakizungumza mambo ya koti la watu na mwana asiyekunywa chai. Walipofika benki bega lilikuwa linamuuma hadi shingoni. Mkoba ulikuwa mzito kweli.