Anamkimbia Nani

Dobi hakuwahi kusema ndiyo. Ilikuwa kwenye kikao cha wafanyakazi wote wa hoteli, meneja akasimama akamshika bega.

"Ndugu yetu huyu ana binti anayeugua saratani ya damu. Mwaka huu hoteli yetu itatoa mtu kwenye marathoni, na michango yote itanunua dawa za wodi ya watoto. Mtu mwenyewe ndiye huyu!"

Dobi alifungua mdomo. Makofi yakamfunika.

"Mimi na mbio wapi na wapi?" alimwambia mkewe jioni, kwenye korido ya wodi. Mkewe alikuwa amehamia pale na mtoto. "Hata basi likiniacha, huwa naliaga tu."

"Ungewaambia."

"Ningewaambia saa ngapi? Walikuwa wanapiga makofi."

Wiki haikuisha, bango likatundikwa mapokezi: yeye upande mmoja, bintiye upande wa pili, kichwa hakina hata unywele. Binti alipoiona picha hiyo kwenye simu ya nesi, alinuna.

"Baba, mbona mmenitoa bila kitambaa? Watu wote wataona kipara changu."

"Umependeza, mwanangu."

"Baba muongo."

Dobi akaanza mazoezi. Akitoka kazini anavaa viatu alivyonunuliwa na hoteli, anazunguka barabara za nyuma ya maghala, na akifika hospitali anakuta mlinzi ameshafunga geti la wageni. Mwanzoni alikuwa akimbembeleza mlinzi. Baadaye akaacha. Kule barabarani kifua kiliwaka moto na magoti yalilalamika, lakini hakukuwa na mtu wa kumwita pembeni amwonyeshe majibu ya vipimo. Alijijua kwamba anapumua vizuri zaidi kule kuliko wodini, na kujua huko kulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku ya kuamkia mbio, mkewe alipiga simu mchana. Homa ya mtoto ilikuwa imepanda, amehamishiwa chumba cha peke yake. Dobi aliacha mashuka yakizunguka kwenye mashine, akampigia meneja.

"Bosi, mtoto amezidiwa. Sikimbii tena."

"Pole sana, ndugu yangu," meneja akasema. " Sikulazimishi. Ila wafadhili wameweka sharti, wanatoa ukimaliza. Usipomaliza, mimi sina la kuwaambia. Uamuzi ni wako."

Uamuzi wenyewe Dobi hakuuona ulipo. Akampigia mkewe.

"Mama wa kitanda cha jirani ameniuliza kama bado unakimbia," mkewe akasema. "Dawa ya mwanawe imekwisha. Nimjibu nini?"

Dobi aliegemea mashine. Ilikuwa ikitetemeka, naye akatetemeka nayo.

"Mwambie nakimbia."

Njia ya mbio ilizungushiwa vizuizi vya chuma pande zote mbili, na nyuma ya vizuizi watu walibanana. Fulana yake ilichapwa uso wa mtoto kifuani, kwa hiyo kila alipopita walimshangilia. Yeye alijitahidi asiangalie chini. Mbio zilipopita mbele ya hospitali, alilitafuta dirisha la chumba cha mwanawe ghorofa ya tatu, lenye pazia la kijani. Akaliona. Miguu ikasimama yenyewe.

Akashika kizuizi. "Nipisheni nitoke."

"Usikate tamaa, baba!" mwanamke mmoja akampigia kelele, simu mkononi. "Mtoto anakungoja!"

"Si ndiye ninayemwendea!"

Hakuna aliyemsikia. Akamgeukia msichana aliyekuwa akigawa maji. "Dada, hapa natokea wapi?"

"Kutoka ni mwisho tu, baba. Songa mbele, unawazibia wenzako."

Akasonga. Alikimbia huku machozi yanamtiririka, na watu wakampiga picha wakidhani ni furaha.

Mwishoni meneja alimpokea kwa kumbatio. "Wafadhili wamekubali! Dawa zinakuja! Sasa simama hapa, hotuba zinaanza."

"Hotuba toa wewe," Dobi akasema, akaondoka akichechemea.

Mkewe alikuwa mlangoni mwa chumba, macho mekundu. "Homa imeanza kushuka. Alikuwa anakuulizia. Nikamwambia baba anakimbia. Akaniuliza, 'Anamkimbia nani?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia akuulize mwenyewe."

Nesi alimvalisha gauni la hospitali na barakoa, akamruhusu kuingia kwa muda mfupi. Dobi akajitupa kwenye kiti cha plastiki. Binti akafumbua macho.

"Baba, unanuka jasho."

"Najua."

"Uliwashinda?"

"Wamenipita wote. Hata babu mmoja mwenye kitambi alinipita, tena akanipungia mkono."

Binti alitabasamu, kisha akamkazia macho. "Ulikuwa unanikimbia mimi?"

Jibu la haraka lilikuwa tayari ulimini. Dobi akalimeza.

"Kidogo," alisema. "Chumba hiki kinanitisha."

Binti akafikiri. "Hata mimi kinanitisha. Ila mimi siwezi kutoka."

Dobi aliinamisha kichwa, akauchukua mkono usio na sindano, akaufunika kwa viganja vyake vyote viwili. Walikaa hivyo, dripu ikidondoka.

Nesi akachungulia. "Baba, muda umekwisha."

Dobi alijaribu kusimama. Miguu ilikuwa imekakamaa kama mbao. Akajaribu tena, akaishia kuguna na kurudi kitini.

"Amekwama!" binti akacheka, kicheko chembamba kilichokatizwa na kikohozi, kisha kikaendelea. "Nesi, baba amekwama!"

Nesi akaangalia saa, akaiangalia ile miguu, akaenda kumtafutia kigoda cha kuiegemeza.