Viboko Vilivyofuata Mwezi

Siku ya Jumanne, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Mwalimu Hosea wa Jiografia aliandika ubaoni, Kidato cha Pili B: Mwezi huchomoza kila siku saa kumi na mbili jioni. Akapiga mstari chini ya maneno kila siku, akapangusa chaki kwenye suruali, akawaambia wanafunzi wanakili. Shule ilikuwa ya kata, nyuma ya mashamba ya mkonge ya upande wa Tongoni. Madirisha hayakuwa na vioo, na upepo wa baharini ulikuwa ukifunua kurasa kabla hazijajaa.

Loveness Manase, aliyekaa dawati la tatu kando ya ukuta, hakunakili. Alinyoosha mkono.

"Mwalimu, mwezi unachelewa."

"Unachelewa wapi?"

"Kila siku unachelewa kama dakika hamsini. Maji nayo vilevile. Mama huenda kuokota chaza maji yakitoka, na hayatoki leo saa ile ya jana."

"Mama yake ana miadi na mwezi!" alisema mtu nyuma, na darasa likacheka.

Mwalimu Hosea aliinua daftari lake. "Notisi hizi zimesainiwa na mkaguzi. Mama yako amesainiwa na nani?"

"Hajasainiwa, mwalimu. Lakini chaza anapata."

Darasa likacheka tena, safari hii si kwa upande wa mwalimu.

Desturi ya shule ilikuwa kwamba anayechapwa hujikatia fimbo mwenyewe, kwenye mpera ulio nyuma ya jiko. Akileta nyembamba hurudishwa, na viboko huongezwa kwa ujanja wake. Loveness aliijua desturi, kwa hiyo alikata nene. Aliinamishwa juu ya dawati lake. Fimbo ilivunjika kwenye kiboko cha kumi na nne. Mwalimu Hosea alipumzika kidogo, akafuta jasho, akaendelea na kipande kilichobaki mpaka ishirini na tatu. Katika kitabu cha adhabu aliandika vinne, kwa kuwa ndivyo sheria inavyoruhusu.

Jioni ile Loveness alikojoa damu. Ijumaa alfajiri alifariki hospitalini. Mkuu wa shule, Mwalimu Rahimu, ndiye aliyemfikisha huko kwa gari la kuazima, naye ndiye aliyemweleza daktari kwamba binti alikuwa mgonjwamgonjwa tangu Kidato cha Kwanza na kwamba kwao wana damu mbaya. Daktari alikuwa na wagonjwa wengine arobaini. Karatasi ilitoka imeandikwa: shambulio la selimundu, ugonjwa wa kurithi.

Alizikwa Jumamosi kwenye makaburi ya shamba, pembeni ya babu yake aliyekuja kutoka Kigoma kukata mkonge na hakurudi.

Jumatatu, saa tatu na dakika ishirini, viboko vilianguka kwenye dawati la tatu kando ya ukuta. Hakukuwa na fimbo wala mkono. Kilikuwa kipindi cha Hisabati. Vilianguka kumi na vinne, vikanyamaza muda wa mtu kufuta jasho, kisha vikaanguka tisa vyenye mlio mfupi zaidi. Mwalimu wa Hisabati alisubiri viishe, akaendelea na sehemu guni. Jumanne vilianguka saa nne na dakika kumi. Jumatano saa tano kamili, wakati wa uji, na kikombe kilichosahauliwa juu ya dawati kilipasuka.

Aliyeandika saa hizo alikuwa mwalimu wa Biolojia, Batul Murtaza, msichana wa Kibohora kutoka Barabara ya Nane, Tanga mjini. Kila asubuhi alishuka bodaboda getini akiwa amevaa rida ya waridi, vazi la wanawake wa kwao, na kubeba sanduku la chakula, na vumbi jekundu la shamba lilimfika magotini. Baada ya siku sita alipeleka daftari lake ofisini.

"Vinachelewa kama dakika hamsini kila siku, Mkuu," alisema. "Marehemu alikuwa amepata."

Mwalimu Rahimu alisoma safu ya saa kutoka juu hadi chini. "Andika kwa penseli, madamu," alisema. "Mambo haya hubadilika."

Wiki hiyohiyo mama yake Loveness alikuja shuleni. Jina lake Praxeda. Alikuwa amevaa kanga mbili na kandambili zenye chumvi ya pwani, na maji ya kibuyu cha ofisini alikataa kunywa. Aliiweka karatasi ya hospitali juu ya meza.

"Nataka hii ibadilishwe, Mkuu. Iseme alichapwa. Sitaki kingine."

"Mama Loveness, pole sana. Lakini damu ni damu. Ugonjwa huu ninyi wenyewe mmempa mtoto."

"Basi niambie kwa nini kaburi halitulii. Kila siku nalisawazisha kwa kiganja, na kila siku nalikuta lina mistari. Nimeihesabu. Ishirini na mitatu."

"Kuku hao," alisema Mwalimu Rahimu.

Batul alimfuata Praxeda hadi getini, wakasimama chini ya kibao cha shule. Alimweleza polepole. Mtoto hapati selimundu mpaka arithi jeni yenye kasoro kwa baba na nyingine kwa mama. Akirithi moja tu, haugui. Basi wakapime wote wawili.

Walipima. Praxeda alikutwa nayo jeni, amelala nayo maisha yote bila kujua. Mumewe Manase hakuwa nayo. Batul alichora kisanduku cha vyumba vinne kwenye karatasi ya mistari, baba juu, mama kando, akajaza watoto wote wanaoweza kuzaliwa na watu hao wawili. Hakuna hata chumba kimoja kilichotoa mgonjwa. Wakaipeleka ofisini wote watatu.

Mwalimu Rahimu aliitazama kwa makini, kwani aliwahi kufundisha Sayansi ujanani. Hakupata kosa. Akavua miwani.

"Hesabu ni sahihi," alisema. "Binti alikuwa na selimundu, karatasi imesema. Baba huyu hana. Basi, mzee Manase, mimi si wa kukufundisha, lakini hapo jibu ni moja tu. Mtoto hakuwa wako."

Manase alikuwa amekata mkonge kwa miaka ishirini na miwili, mtu wa maneno machache. Aliaga kwa adabu. Walitembea hadi nyumbani, yeye mbele na mkewe nyuma, kilomita nne katikati ya mikonge. Mlangoni alimgeukia, akampiga ngumi moja ya mdomo. Jino la mbele likatoka. Praxeda aliliokota, akalifunga kwenye pindo la kanga, akaenda kuinjika maharage.

Kesho yake alikwenda kwa Batul na mdomo umevimba.

"Madamu, kisanduku chako kimenipiga."

Batul aliona haya. Kisha akauliza kama kweli ile mistari ya kaburini hutokea saa ileile ya viboko. Praxeda alisema hajui, kwa sababu mtu hawezi kukaa mahali pawili. Hapo ndipo Batul alipofungua ukurasa mpya, safari hii kwa kalamu ya wino. Aliandika kama wanavyofundishwa wanafunzi: lengo, vifaa, njia, matokeo, hitimisho. Lengo lilikuwa kujua viboko vinamtafuta nani.

Siku ya kwanza waliweka juu ya dawati kiroba cha mchanga. Viboko vilipita, kiroba hakikutikisika. Siku ya pili walimfunga mbuzi wa jikoni, naye aliendelea kutafuna. Siku ya tatu aliinama Batul mwenyewe. Alisikia upepo mgongoni mara ishirini na tatu, na rida yake haikupata mkunjo. Siku ya nne waliomba mlinzi wa shule, Ernesti, mtu mwenye umri wa Manase na kimo chake.

"Madamu, mimi nina mke na watoto sita," alisema Ernesti huku akiinama. "Nikifa waambie niliajiriwa kufukuza ng'ombe."

Hakufa. Alisema upepo ule ulikuwa mzuri kwa joto. Siku zote hizo nne Praxeda alikuta kaburi lina mistari.

Siku ya tano aliinama Praxeda.

Kiboko cha kwanza kilipasua kanga. Cha tatu kilipasua ngozi. Wanafunzi wa Kidato cha Pili B walihesabu kwa sauti ya chini, kama walivyofanya kila siku, na walipofika kumi na nne wakanyamaza pamoja navyo. Praxeda alikuwa ameuma pindo la kanga kwa meno yaliyobaki. Katika vile tisa vya mwisho alitoa mlio mmoja, si mkubwa. Batul alipima mistari kwa rula. Upana wake ulikuwa wa fimbo ya mpera, mirefu kumi na minne na mifupi tisa. Siku hiyo kaburi la Loveness lilikuwa laini kama unga uliochekechwa.

"Kumbe ni mimi au yeye," alisema Praxeda.

Ikabaki siku ya sita. Manase hakutaka kuja. Praxeda alimwambia jambo moja tu, na alilisema akiwa amelala kifudifudi, majani ya mwarobaini yametandazwa mgongoni.

"Kama si wako, utasikia upepo."

Manase alikuja na nguo za kazini. Alivua shati akalikunja vizuri, akaliweka kwenye dawati la jirani. Alikuwa na mgongo mpana, wenye makovu ya miiba ya mkonge. Ernesti aliinama kwenye dawati la pili ili pawe na wa kulinganisha. Saa saba na dakika kumi na tano viboko vilianza. Ernesti hakupata kitu. Manase alichanika kuanzia mabegani hadi kiunoni, na damu ikamchirizika mbavuni mpaka sakafuni, ikafuata ufa wa saruji hadi chini ya ubao. Kiboko cha kwanza tu kilipomshika, alianza kulia, na hakulia kwa maumivu. Alikuwa akisema "wangu, wangu, wangu," kila kimoja kilipoanguka, mpaka hesabu ikaisha.

Alimwomba mkewe radhi palepale, mbele ya wanafunzi. Jino halikurudi.

Batul alirudia jaribio lote mara mbili zaidi, kwa sababu jaribio la mara moja ni hadithi tu. Matokeo yalikuwa yaleyale. Kisha akaandika hitimisho la mistari mitano. Viboko huanguka kwa mwenye damu ya Loveness tu. Huanguka kwa Manase, basi Manase ni baba. Baba hana jeni, basi Loveness hakuwa na selimundu. Idadi ni ishirini na tatu, siyo vinne. Loveness Manase aliuawa kwa kupigwa.

Bodi ya shule ilikaa Alhamisi. Wajumbe waliisoma ripoti, na mmoja wao, aliyewahi kusimamia mitihani ya vitendo, alisema hajaona kazi safi namna ile katika shule ya kata. Waliipokea kwa kauli moja, ikapigwa mhuri. Waliazimia kwamba ratiba ya viboko ichapwe na kubandikwa ukutani Kidato cha Pili B, ili isiwe inagongana na mitihani. Waliazimia dawati la tatu lisiondolewe. Kuhusu karatasi ya hospitali, walisema ni mali ya hospitali. Hospitali ilipoulizwa, ilisema itaibadilisha ikipata barua ya mkuu wa shule. Mwalimu Rahimu alisema hawezi kuandika barua inayopinga kitabu cha adhabu, na kitabu kilisema vinne.

Mwalimu Hosea alihojiwa pia. Alisema anasikitika, na kwamba kama ni kosa basi ni la mpera, kwani miti ya siku hizi ni migumu. Januari alifanywa mwalimu wa taaluma.

Tangu hapo, viboko vikiangukia saa za kazi za mumewe, huja Praxeda. Vikianguka usiku, huja Manase, naye Ernesti humfungulia. Hawajakosa hata siku moja, isipokuwa ile wiki ya mafuriko barabara ilipokatika, na wakakuta kaburi limechimbika hadi kiganja kuzama. Getini wanaandika majina yao katika kitabu cha wageni. Kwenye safu ya sababu ya kuja, Praxeda aliwahi kuandika "kuchapwa." Mwalimu Rahimu alimwita Ernesti akamwambia hilo halisomeki vizuri mkaguzi akija, kwa hiyo sasa Ernesti humwandikia yeye mwenyewe: mzazi.

Mwaka uliofuata Kidato cha Pili B kilikuwa na wanafunzi wengine. Jumanne moja ya mwezi wa pili Praxeda aliingia saa tano na dakika tano, wakati Mwalimu Hosea akifundisha. Wanafunzi walisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Kaeni."

Aliinama juu ya dawati la tatu. Mwalimu Hosea alisimamisha chaki hewani, akatazama nje kwenye mpera, akasubiri. Kumi na vinne. Kimya. Tisa. Kisha akamalizia mstari aliokuwa akiuandika: Mwezi huchomoza kila siku saa kumi na mbili jioni. Akapiga mstari chini ya maneno kila siku.

"Nakilini," alisema. "Kuna swali?"

Hakukuwa na swali. Wanafunzi arobaini na wanane walinakili. Praxeda alijifunga kanga upya, akapita kati ya madawati taratibu, damu ikitona nyuma yake matone madogo ambayo msichana wa zamu alikuwa tayari ameshika tambara kuyafuta.

Getini Ernesti alifungua ratiba yake.

"Kesho saa tano na dakika hamsini na tano, Mama Loveness."

"Najua," alisema Praxeda. Alikuwa ameshachukua kikapu chake. Maji yalikuwa yakitoka, na aliteremka pwani kuokota chaza.